Chini ya Sakafu, Kando ya Kivuko

Mwanangu Odeti,

Sasa hivi kichwa chako kiko mikononi mwa Mama Divine kule Toongabbie, na mimi namjua Mama Divine. Anasuka vizuri, ila mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole. Hutarudi kabla ya jua kuzama. Baba yako yuko kiwandani Fairfield. Nimetoka zamu asubuhi, nimejilaza, nimegeuka huku na huku, usingizi umekataa katakata. Sanduku lako liko hapo mlangoni, kila nikipita linanigonga mguu. Basi nimekaa mezani jikoni na kalamu.

Habari za sweta, za kadi za simu, za kutompa mtu pasipoti yako aishike, naziruka zote. Baba yako amekuimbia wimbo huo wiki nzima na wewe si mtoto. Mimi nina jambo moja. Nisipolisema leo, kesho utapanda ndege ukiamini kwamba mama yako alikuaibisha mbele ya walimu wako kwa sababu ni mshamba, au ana wazimu, au hataki uende. Tangu Ijumaa ile tunaongea habari za chumvi na za nani amemaliza maziwa. Sitaki uondoke hivyo. Roho yangu haitakubali.

Nakuandikia kwa Kiswahili, hata kama wewe utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako. Kiingereza changu ni cha kazini: oga, kula, meza dawa, nikugeuze upande huu. Hakina maneno ya haya ninayotaka kusema. Soma polepole. Neno likikushinda mpigie baba yako, maana sasa na yeye anajua. Amejua Ijumaa hiyo hiyo, kwenye treni. Nitafika huko.

Kwanza ujue jinsi nilivyojivuna. Kazini niliwatangazia wote kwamba binti yangu anakwenda Ulaya kuchimba ngome ya Warumi. Yule nesi Mkenya wa zamu yetu akaniuliza, "Anachimba dhahabu?" Nikamwambia hapana, anachimba nyumba za watu waliokufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Akasema, "Woi! Na hiyo ndiyo mlimlipia school fees?" Tukacheka mpaka bibi wa chumba cha pili akabonyeza kengele kuuliza kuna nini. Lakini moyoni nilikuwa nimevimba. Ijumaa ile ya kwenda kukusikiliza ukieleza utafiti wako chuoni nilivaa kitenge changu cha kuendea harusi za watu, na baba yako nikamlazimisha tai.

Na ngome yako nilikuwa naijua, usidhani. Miaka miwili umebandika ramani yake ukutani chumbani kwako, na mimi ndiye ninayefuta vumbi. Ukuta wa mraba, mtaro nje yake, mageti manne, minara. Mto Danube mbele, na pale katikati kisiwa kinachorahisisha watu kuvuka, ndiyo maana wakajenga hapo. Uliniambia askari wenyewe hawakuwa wa Roma, wengine walitolewa Siria, wengine Afrika ya kaskazini, wakawekwa kulinda mto wasioujua na watu wasioelewa lugha yao. Nje ya geti, kando ya barabara, vibanda vya raia: wapishi, wauza pombe, wanawake, watoto. Siku ya kwanza uliponionyesha nilikuambia, "Hii si ngome, hiki ni kizuizi cha jeshi." Ukacheka. "Mum, it's a fort." Sawa. Nikaendelea kufuta vumbi.

Ukumbini ulisema vizuri, mwanangu. Hilo sikukuambia na nilipaswa kukuambia kabla ya mengine yote. Ulisimama wima, hukuning'inia kwenye meza kama yule kijana aliyekutangulia. Nilikuwa nampiga baba yako kiwiko: unamwona? Unamwona?

Kisha ukabonyeza, ikaja picha ile.

Odeti, ungenionya. Najua hukuwa na sababu ya kunionya, lakini Mungu wangu, picha kubwa kama mlango! Shimo dogo chini ya sakafu ya kibanda, karibu na ukuta. Kigae cha paa kimefukuliwa na kuwekwa kando. Na ndani vile vijifupa, vyembamba kama njiti, vimejikunja. Wewe unaendelea kuongea, kijitaa chako chekundu kinatembea juu ya kichwa chake, na nikakusikia ukisema, kwa Kiingereza chako safi, kwamba enzi hizo mtoto mchanga hakuhesabiwa mtu kamili. Kwamba alifukiwa tu ndani ya nyumba pamoja na taka, bila mazishi. Ukamaliza kwa kusema hakuna aliyemlilia. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, na mmoja nyuma yangu akaandika.

Sikukusudia kusimama. Nilijikuta nimesimama. Nikasema kwa sauti ya sokoni, "Umejuaje? Ulikuwepo? Na hicho kigae alikiweka nani?" Ukumbi mzima ukageuka. Baba yako ananivuta kitenge. Wewe uso wako umejaa mwanga wa projekta, ukasema, "Mum, please. Sit down." Profesa wako akakuuliza nimesema nini. Ukamjibu, "She's just tired. She works nights."

Nilitoka. Wewe ulidhani nimetoka kwa hasira. Nilitoka kwa sababu miguu ilikuwa inanikimbiza yenyewe. Kule nje nilishika ukuta wa chuo chenu kama mlevi, na mtu mmoja akaniuliza kama aniitie gari la wagonjwa.

Sasa sikiliza, nikuambie nilichokiona mimi kwenye picha ile.

Ulikuwa na miaka mitatu vita vilipofika kilimani kwetu. Hukumbuki, na nimemshukuru Mungu kwa hilo mara nyingi. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Ndiyo. Ulikuwa na mdogo wako. Kaa kwenye kiti kwanza kama umesimama.

Njia ya kwenda Tanzania ilikuwa moja, kuvuka Mto Malagarasi, na kwenye kivuko kulikuwa na jeshi. Wanaume waliofika pale mchana walikuwa wanawekwa pembeni, na wengi hawakuonekana tena. Kwa hiyo tuligawana. Baba yako akakufunga mgongoni, akapita kwenye matete mbali na kivuko na mwenye mtumbwi mmoja, na mimi ambaye nisingeweza kutembea kwenye tope na tumbo lile nikafuata barabara na wanawake wengine. Wanawake walikuwa wanapekuliwa, wananyang'anywa, halafu wanaachwa wapite. Ndivyo tulivyoambiwa.

Nilijifungua njiani, kwenye darasa la shule iliyokimbiwa, mikononi mwa mwanamke nisiyemjua. Mtoto wa kiume. Alikuwa na sauti, we! Nilimfunga kwa kitenge nikaendelea kutembea.

Nilipofika kivukoni walikuwa wamefunga. Hakuna anayevuka, wala hawasemi mpaka lini. Tulikaa chini pale umati mzima, mvua inatunyeshea, tunautazama mto na ng'ambo yake. Na mbele yetu kilikuwepo hicho kituo cha jeshi. Tuta la udongo la mraba, mtaro kuzunguka, geti moja la barabarani na moja la mtoni. Na nje ya geti, vibanda. Kila penye askari wenye njaa pana mwanamke mwenye sufuria, Odeti. Hilo sikulisoma popote.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa na sweta jekundu lililotoboka kiwiko. Alikuwa anawapikia askari, na usiku tuliona mlango wake unavyofunguliwa na kufungwa. Watu walimwita mke wa jeshi. Siku ya kwanza alinijia na kikombe cha uji, akasema, "Mzazi, kunywa, maziwa yasikauke." Mimi, mwenye njaa, mwenye mtoto, nikamtazama nikasema mbele ya watu, "Sinywi uji wa malaya wa askari." Wengine wakacheka. Nikajiona nimesema jambo la heshima. Alisimama kidogo, akaondoka na kikombe chake. Uji ule nauota mpaka leo, wallahi.

Mtoto alianza kukohoa. Kitovu kilikuwa kimedondoka, na kwa desturi yetu kitovu kikidondoka mtoto anapewa jina, kwa hiyo nilimpa jina pale pale kwenye matope, peke yangu, bila baba yake. Nilimwita Fideli. Baada ya hapo hakukaa sana. Asubuhi moja nilimsikiliza kifuani nikakuta kumetulia.

Unisamehe, nilikuwa nimeiweka kalamu chini kidogo, sasa nimeishika tena.

Nilimrudisha mgongoni nikamfunga kama aliyelala. Sikujua pa kumpeleka. Kuchimba kulikuwa kumekatazwa. Askari waliogopa watu wanaficha bunduki ardhini, na aliyeonekana na jembe alipigwa vibaya mno. Waliofiwa walikuwa wanashuka mtoni jioni na kurudi mikono mitupu. Askari mmoja aliniona ninavyokaa, akaelewa, akanyoosha kidevu kuelekea majini. Basi hivyo tu, kidevu. Kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. Nikabaki nimekaa pale pale na mtoto wangu mgongoni.

Kwetu mtoto mchanga akifa hazikwi mbali. Wanaomzika ni wanawake, nyumbani, kando ya ukuta au kwenye migomba pale pale uani, karibu na mama yake, asipate baridi, asijione amefukuzwa. Wanaume hawaendi. Hakuna matanga, hakuna anayelia kwa sauti, na baada ya hapo mwanaume haulizi na mwanamke hasimulii. Ndivyo mama yangu alivyofanya, na mama yake. Sasa mimi nyumbani kwangu kulikuwa kumechomwa. Ukuta ningeupata wapi?

Yule mwenye sweta jekundu alikuja giza lilipoanza. Hakuleta uji. Aliinama sikioni kwangu akasema, "Mama, mtoto wako hanyonyi tangu asubuhi. Nifuate." Nilimfuata. Akaniingiza kibandani kwake.

Aliwapelekea askari chakula, akarudi, akafunga mlango. Akakisogeza kitanda chake. Hakuchukua jembe, maana jembe lina mlio. Alipiga magoti akachimba sakafu ya nyumba yake kwa kisu na mwiko wa ugali, na mimi nikichota udongo kwa mikono na kuumwaga kwenye sufuria. Tulichimba mpaka kucha zikauma. Nje tunasikia wanaume wanakula na kucheka, hatua kumi na kitu kutoka pale. Tulipomlaza, nilishindwa kumwaga udongo. Nilimwambia, "Usoni siwezi. Usoni kwake siwezi." Akanitazama. Akainuka, akauchukua mtungi wake wa maji, nao ulikuwa mmoja tu nyumbani mle, akayamwaga maji nje mlangoni kama mtu anayeosha vyombo. Akaufunga kwenye nguo akaupasua kwa goti. Kipande kikubwa chenye mviringo akamfunika nacho, kuanzia kichwani mpaka tumboni, udongo usimguse.

Kisha akarudisha kitanda pale pale juu. Akasema, "Mimi nalala hapa. Hatakuwa peke yake." Nilitaka kupiga ukelele, akaniziba mdomo kwa kiganja chake kinachonuka vitunguu. "Usilie, watasikia. Uma nguo." Nikauma kitenge. Yeye akauma mkono wa sweta lake. Tukalia hivyo sote wawili, bila sauti, kwa mtoto ambaye yeye hata jina lake hakuwa analijua.

Asubuhi kivuko kilifunguliwa, watu wakasukumana, nami nikasukumwa na umati mpaka ng'ambo. Sikumwomba msamaha. Sikusema asante. Sikumuuliza jina. Mwanamke aliyemlaza mwanangu chini ya kitanda chake, mimi namkumbuka kwa rangi ya sweta.

Sasa unaelewa nilichokiona kwenye picha yako? Niliona siku moja watu wasomi, wazuri, wapole kama profesa wako, wanafika pale Malagarasi na brashi zao. Wanakuta kibanda nje ya geti la jeshi, kichanga chini ya kitanda, na kipande cha mtungi. Wanaandika kwamba hapa aliishi mwanamke wa askari, akamfukia mtoto ndani ya nyumba pamoja na taka, hakuna aliyemlilia. Na anayeyasoma hayo kwa sauti nzuri, kijitaa chekundu mkononi, ni binti yangu mwenyewe. Kwa dakika ile sikuona Warumi kabisa. Nilimwona Fideli ukutani, mkubwa kama mlango, na dada yake anasema hakuna aliyemlilia.

Ndiyo maana nilisimama.

Na mshtuko wa siku hiyo haukuishia hapo. Unajua baba yako hali samaki. Tumemcheka miaka yote, kule kambini Tanzania na hapa. Pale sokoni Fairfield akifika kwenye meza za samaki anashika njia nyingine, na mimi nilizoea kumwambia, "Haya, mheshimiwa, samaki wamekukosea nini?" Wewe ulisema labda ni mzio. Yeye anatabasamu tu.

Siku ile kwenye treni tulipita kwanza Parramatta. Ndipo nikamwambia. Kwa mara ya kwanza, Odeti. Nilipomkuta kambini alikuwa amekushika mkono, alitazama mgongo wangu, akatazama mikono yangu, na hakuuliza. Ndiyo desturi. Nami sikusema. Ndiyo desturi. Nilidhani ameelewa kwamba mtoto alizikwa na wanawake, kama watoto wote wanavyozikwa.

Nilimwambia yote, kibanda, kitanda, mtungi. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Akasema, "Kwa hiyo hayuko mtoni?"

Nikamuuliza, "Nani?"

"Mtoto. Waliovuka kabla yako walituambia pale kivukoni watoto wanatupwa majini. Nilipoona umekuja mikono mitupu... Nilijua yuko mtoni."

Miaka yote hiyo! Kila samaki niliyemkaanga mbele yake! Ningekufa pale pale kwenye kiti cha treni. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na mtu anayeona jambo hilo kila akifumba macho, na neno langu moja, moja tu, lingemtoa huko. Na mimi namtania habari za samaki.

Tulipitiliza kituo chetu cha Rooty Hill bila kujua. Tulishuka Mount Druitt, tukakaa kwenye benchi la kituo, upepo unapiga, yeye na tai yake. Halafu akaniuliza, "Alikuwa na nywele?" Nikamwambia nyingi, na zilianzia chini kwenye paji kama zake. Akazishika zake, hizo chache zilizobaki. Akauliza yule mwanamke aliitwa nani. Nikasema sijui. Akasema, "Basi tutamwombea hivyo hivyo."

Ulipotukuta nyumbani usiku ule macho mekundu, ulidhani tumegombana kwa ajili yako. Ukaingia chumbani ukafunga mlango.

Mwanangu, mimi sikuandikii kukukataza. Nenda. Nenda ukachimbe mpaka Warumi wenyewe wakuombe upumzike. Wala usibadilishe neno kwenye kitabu chako cha utafiti kwa sababu mama yako aliona kivuko kimoja. Sijui Warumi. Huenda yule wa kwenye picha kweli alitupwa, watu hutupa, nimeona kwa macho yangu. Wewe umesoma na mimi nawaosha wazee. Lakini kigae kile kinanisumbua. Mtu anayetupa hafuniki. Kuna mtu aliyesema usoni siwezi, na kuna mtu aliyekwenda kutafuta kigae. Kama kuna jibu jingine, niletee, nitalisikiliza nimekaa chini, naahidi.

Na kuhusu mimi, nataka uelewe baadhi ya mambo uliyokua nayo bila maelezo. Nilikuwa naingia chumbani kwako na kuweka kiganja chini ya pua yako, hata ulipokuwa na miaka kumi na tano, ukanifukuza kwa mto. Ilikuwa ni hiyo. Unakumbuka ulipomzika yule kasuku wa jirani, mwaka wetu wa kwanza hapa? Ulikuwa umeshachimba shimo uani, umemweka kwenye boksi la viatu, umetafuta na maua. Nilitoka jikoni nikapiga kelele, nikakunyang'anya kijiko, nikalifukia shimo kwa mguu, ukalia, "I was just digging!" Na ukamuuliza baba yako kwa nini mama ana roho mbaya. Hakukujibu kwa sababu hata yeye hakujua. Sikuwa na roho mbaya. Nilisikia kijiko kikikwangua ardhi, na moyo wangu ukarudi mahali ambapo kuchimba ni kosa la kupigwa. Ungekuwa unajua, ungenielewa. Sikukupa nafasi ya kunielewa. Halafu nikaja kushangaa eti mtoto huyu hanielezi mambo yake! Angejifunza kwa nani?

Nilidhani nikinyamaza nakulinda. Kunyamaza kwangu kulimfanya baba yako amwone mtoto wake majini kila siku, na wewe kukakufanya usimame mbele ya watu kumsema vibaya mama mwingine bila kujua kwamba mmoja kama yeye ameketi safu ya tatu na kitenge cha harusi. Desturi ya kutosimulia ilikuwa nzuri kule nyumbani, ambako kila mtu alijua mgomba ni upi. Sisi tuliibeba tukavuka nayo mahali ambapo hakuna anayejua kitu. Hilo kosa ni langu, si la desturi, na sitaki ulirithi. Ukiwa na jambo kule, lolote, lisilosemeka, niambie. Niambie vibaya, niambie kwa Kiingereza, niambie usiku wa manane nikiwa zamu. Nitatoka nje nikusikilize.

Nasikia umesema msimu huu mtafungua vibanda vilivyobaki kando ya barabara, na kwamba wewe umepewa kile kilicho karibu kabisa na geti la mtoni. Kwa hiyo utawakuta wengine. Nimelifikiria hilo tangu Ijumaa na limenitetemesha, halafu leo asubuhi, nikiwa kwenye basi kutoka kazini, likanipa amani ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kama lazima mtu aje awafunue, basi na awe wewe. Mwingine atafika na brashi tu. Wewe utafika ukiwa na mdogo wako.

Nina ombi moja, na hili si la kitabuni, hakuna atakayekuona, wenzako watadhani unapumzika. Ukifika kwenye sakafu, ukikuta kigae kimelazwa kifudifudi, usikiinue papo hapo. Weka vifaa chini. Piga hodi, Odeti. Hiyo ni nyumba ya mtu, na mtoto wake amelala.

Mama yako